Mkubwa Ni Jalala: Shinyanga na Somo la Kuwajibika

Juma lililopita, katika semina ya historia ya siasa, mwanafunzi mmoja anayetoka Geita aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja. Alisema: "Mwalimu, Serikali inapotangaza vita dhidi ya jambo fulani, kisha vita hiyo ikaua watu wasio na hatia, nani hushtakiwa?" Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza. Nimeona nimjibu hapa, ili na ninyi wasomaji mnisahihishe.

Nianze na historia ya nyumbani. Katika miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na msiba usioisha: wazee, na hasa wanawake vikongwe, walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wengi walihukumiwa na rangi ya macho yao tu. Usukumani, mahali ambapo kuni zimekwisha, watu hupikia samadi iliyokauka, na moshi wake huyafanya macho ya mpishi kuwa mekundu baada ya miaka mingi jikoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho ya namna hiyo. Nakumbuka alivyoacha kwenda kisimani jioni, na alivyojizoeza kutazama chini kila alipopita mbele ya vijana. Kwa hiyo sisemi kwamba Serikali ilikosea kuingilia kati. Ilipaswa kuingilia kati, na ilikuwa imechelewa.

Tatizo lilikuwa namna ilivyoingilia. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako mkubwa katika mikoa hiyo miwili. Watu walikamatwa kwa wingi, wakawekwa mahabusu, wakateswa ili wakiri. Baadhi yao walikufa mikononi mwa watu waliolipwa na umma ili kuwalinda. Operesheni iliyoanzishwa kuokoa maisha ya wanyonge ikawa yenyewe chanzo cha vifo vya wanyonge wengine.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyedai kwamba alisimama katika chumba cha mateso, wala kwamba aliamuru mtu yeyote apigwe. Hata hivyo, Januari 1977, habari zilipokwisha kuthibitika, aliandika barua ya kujiuzulu na Mwalimu Nyerere akaikubali. Aliondoka pia Waziri wa Nchi, Peter Siyovelwa, pamoja na wakuu wa mikoa husika: Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Wazee wetu husema mkubwa ni jalala, yaani kila taka hutupwa kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtaka kiongozi avumilie lawama. Mimi naona ina maana nzito zaidi. Taka za nyumba nzima huenda jalalani bila kuulizwa nani alizizalisha. Vivyo hivyo, kuwajibika kisiasa hakusubiri ithibitike kwamba waziri ametenda kosa kwa mkono wake. Hatia ya jinai ni ya mtu binafsi, na mahakama ndiyo huipima. Dhamana ya kisiasa ni ya ofisi: aliyepewa mamlaka, bajeti na askari hujibu kwa yale yanayotendwa kwa mamlaka, bajeti na askari hao. Tukichanganya mambo haya mawili, kila waziri atajitetea kwa kusema "sikujua", nasi tutaridhika. Kumbe kutojua yanayofanywa na askari wako ni sehemu ya kosa lenyewe.

Miaka 36 baadaye historia ilijirudia kwa jina jingine. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Tembo walikuwa wakiuawa kwa kasi ya kutisha, na hapa tena nia ilikuwa njema. Safari hii jeshi lenyewe lilishiriki, likiwa bega kwa bega na polisi na askari wa wanyamapori. Muda si mrefu malalamiko yakajaa bungeni: watu kuteswa, wanawake kudhalilishwa, mifugo kuuawa na wengine kupoteza maisha. Operesheni ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Bunge iliyochunguza iliongozwa na James Lembeli, mbunge wa Kahama, mkoani Shinyanga. Baada ya ripoti yake kusomwa bungeni tarehe 20 Desemba 2013, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa: Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo. Kagasheki alitangaza mwenyewe kujiuzulu mbele ya Bunge. Kwa wengine, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wao.

Lugha yetu ina utajiri katika jambo hili. Tuna kuwajibika, na tuna kuwajibishwa. Anayewajibika hutangulia mbele ya lawama. Anayewajibishwa husukumwa nayo. Mwaka 1977 tuliona zaidi la kwanza. Mwaka 2013 tuliona yote mawili kwa siku moja, na lililoyaleta ni ripoti ya wabunge iliyosomwa hadharani, nchi nzima ikisikiliza. Hilo lilikuwa hatua mbele, kwa kuwa mwaka 1977 wananchi walitegemea dhamiri ya viongozi wachache, na dhamiri hairithishwi kama ofisi. Katiba yetu, katika Ibara ya 53, inasema Baraza la Mawaziri litawajibika kwa pamoja bungeni. Lakini kura ya kutokuwa na imani iliyomo humo inamhusu Waziri Mkuu. Waziri mmoja mmoja hubaki au huondoka kwa hiari yake au kwa uamuzi wa Rais.

Sasa nirudi kwa kijana wa Geita, maana swali lake halikuishia kwa mawaziri. Nchi yetu inapenda kuukumbuka mwaka 1977 kama hadithi ya heshima ya mtu mmoja. Na kweli ilikuwa heshima. Mzee Mwinyi alipelekwa kuwa balozi nchini Misri, akarudi katika Baraza la Mawaziri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985. Alipofariki Februari 2024, barua ile ilitajwa tena na tena. Nami huwafundisha wanafunzi kwamba kujiuzulu si kifo cha kisiasa. Wanaong'ang'ania viti kwa hofu hiyo wana mfano wa kuwatuliza.

Lakini ni nani anayewakumbuka waliokufa mahabusu? Tunayajua majina ya waliojiuzulu, na majina ya waliosababisha wajiuzulu hatuyafundishi. Watumishi wa umma mnaosoma makala hii mnajua kwamba kila jalada lina mhusika. Katika jalada hili, kumbukumbu ya taifa imebakiza jina la waziri na kuwafuta wahusika wenyewe. Na wale vikongwe ambao kwa ajili yao operesheni ilianzishwa? Mauaji hayakukoma. Yaliendelea kwa miongo mingine, bibi yangu akiendelea kutazama chini. Kuanzia mwaka 2007 wimbi jingine likawakumba watu wenye ualbino katika mikoa hiyo hiyo ya Kanda ya Ziwa. Januari 2009 kiongozi mkuu wa shughuli za Serikali bungeni alifikia kusema kwamba wauaji hao nao wauawe, kauli iliyomletea lawama hadi akatokwa machozi mbele ya Bunge. Nilielewa uchungu wake, ila niliingiwa na hofu. Ndiyo lugha ya vita, na Shinyanga tulikwisha kuona mwaka 1976 inakoishia.

Kwa hiyo, jibu langu kwa mwanafunzi ni hili. Vita iliyoharibika ina madeni matatu. La kwanza ni la kisiasa, nalo hulipwa na aliyeshika dhamana kwa kuachia ofisi. La pili ni la kisheria, nalo hulipwa mahakamani na aliyetenda. La tatu ni la wahanga: ukweli uandikwe, majina yatajwe, familia zifidiwe, na tatizo la awali litatuliwe kwa njia ya haki. Tumezoea kulipa la kwanza, mara chache la pili, kisha tunafunga daftari. Kujiuzulu kwa waziri kukitumika kama mwisho wa mjadala, kunageuka kuwa njia ya kuzika maswali kwa heshima zote.

Wanaharakati, msidai vichwa vya mawaziri peke yake. Daini ripoti zichapishwe na orodha za waathirika ziwekwe wazi. Watumishi wa umma, mkiletewa operesheni yenye jina kali, ulizeni kwa maandishi nani atajibu mambo yakiharibika. Nanyi wanafunzi, hasa mnaotoka Shinyanga na Geita, mkirudi likizo kaeni na wazee mwandike wanayoyakumbuka ya mwaka 1976. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee, na baadhi yao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi.