Moshi Haujui Daraja

Usiku mmoja wa mwaka 1993, tukiwa katika bahari ya Mediterania, niliwaona abiria wakipiga kura juu ya moshi. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa baa katika meli moja ya kitalii, ambayo jina lake nitalihifadhi, na mkononi nilishika sinia lililojaa visahani vya majivu. Kazi ile ina adabu zake. Kisahani kichafu hakiinuliwi hivi hivi. Unakifunika kwanza kwa kisafi kilichopinduliwa, unaviondoa vyote viwili kwa pamoja ili majivu yasirukie vinywaji vya watu, ndipo unakirudisha kile kisafi mezani. Nilikwisha kuifanya kazi hiyo maelfu ya mara, na sikuwahi kujiuliza yale majivu yasiyoonekana yalikuwa yakienda wapi.

Mjadala wenyewe ulihusu ukumbi wa chakula. Upande wa kushoto ulikuwa wa wavutaji, upande wa kulia wa wasiovuta, na katikati palikuwa na zulia tu. Bibi mmoja mwenye mvi alisimama akamwambia ofisa wa abiria, "Naomba unionyeshe ukuta." Ukuta haukuwapo. Bwana mmoja aliyekuwa na sigara nene ya majani naye akasimama, akasema kwamba alilipia likizo, hakulipia shule. Watu wakacheka. Ofisa akaomba mikono iinuliwe. Wavutaji wakashindwa ukumbi wa chakula, wakashinda baa na chumba cha kamari. Kila mtu akaridhika, hata yule bibi, kwa kuwa baa hakuwa na haja nayo.

Usiku ule ule, chini kabisa ya meli, mwenzangu wa chumba akanipa maoni yake. Alikuwa mtu wa Tanga, tukimwita Maalim kwa sababu ndiye aliyetusalisha. Yeye alihudumu katika chumba cha kamari na hakuvuta sigara hata moja maishani mwake. Akaniambia, "Umeona, ndugu yangu? Moshi wameuondoa kwa wanaokula, wameuleta kwetu." Nikacheka. Kisha, nikiwa juu ya kitanda changu cha dabodeka, ndani ya chumba kisicho na dirisha, nikawasha sigara.

Miaka mingi imepita. Tangu nirudi Mombasa kwa kudumu nimesoma kila nilichokipata juu ya meli na tumbaku, na nimeona kwamba mabishano ya usiku ule yalikuwa na babu zake.

Katika zama za matanga hapakuwa na mengi ya kubishania. Meli ilikuwa mbao, turubai na kamba zilizopakwa lami, na manowari zilibeba baruti juu ya hayo yote. Cheche moja ingetosha. Kwa hiyo baharia aliruhusiwa kuvuta kiko chake karibu na jiko, mahali ambapo moto ulikuwa tayari chini ya ulinzi, na kule chini ya sitaha alikatazwa kabisa. Ndiyo sababu mabaharia wengi walitafuna tumbaku badala ya kuivuta. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa hata na taa ya wavutaji: ikiwaka, ruhusa ipo, ikizimwa, ruhusa imekwisha. Hakuna aliyezungumza habari za mapafu. Hata hivyo sheria ile ilikuwa na uadilifu wake, kwa maana moto ungemla nahodha na mpishi sawasawa, na wote wawili walilindwa nayo.

Meli zilipokuwa za chuma na mvuke, na matajiri walipoanza kusafiri kwa starehe, hofu ilipungua na adabu ikachukua nafasi yake. Mwungwana hakuvuta mbele ya mabibi. Makampuni yakajenga vyumba vya wavutaji, na wanawake hawakutarajiwa kukanyaga humo. Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na chumba cha namna hiyo kwa kila daraja. Kile cha daraja la kwanza kilikuwa na kuta za mbao zilizonakshiwa, vioo vya rangi na meko ya makaa ya mawe. Kile cha daraja la tatu kilikuwa cha kawaida tu. Daraja zilitenganishwa hata katika kuvuta, lakini ndani ya kila chumba alikuwamo mtu asiyehesabiwa katika daraja yoyote, naye ni yule aliyeleta vinywaji na kuondoa majivu.

Biashara ilikuwa tayari kwenda mbali sana ili mvutaji asikose haki yake. Mfano mkubwa kabisa haukuwa baharini, ulikuwa angani. Hindenburg, ile meli ya anga ya Wajerumani iliyoanza safari mwaka 1936, ilielea kwa takriban mita za ujazo 200,000 za haidrojeni, gesi inayolipuka. Humo ndani wakajenga chumba cha wavutaji! Hewa yake ilisukumwa kwa nguvu kidogo kuliko ya nje ili gesi isipenye, mlango ulikuwa wa mikupuo miwili, na palikuwa na kiwashio kimoja tu cha umeme. Aliyechunga kwamba hakuna anayetoka na sigara iwakayo alikuwa mhudumu wa baa, mwenzangu katika kazi. Meli hiyo iliungua tarehe 6 Mei 1937 huko Lakehurst, New Jersey, watu 36 wakafa. Moto haukuanzia katika chumba kile. Lakini kuwako kwake kunaonyesha jinsi ilivyoaminika kwamba abiria aliyelipa vizuri hawezi kunyimwa sigara.

Na moshi ulitokaje katika chumba cha wanaume ukaenea meli nzima? Sehemu ya jibu iko nchi kavu. Siku ya Pasaka ya mwaka 1929, mtaalamu wa matangazo Edward Bernays, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya sigara, alipanga wasichana watembee Fifth Avenue mjini New York huku wakivuta, na akaeneza kwamba hiyo ndiyo ishara ya uhuru wa mwanamke. Desturi za kale zilikuwa zikilegea, na biashara ikazisukuma. Wanawake walipoanza kuvuta hadharani, chumba cha wanaume kilipoteza maana yake. Visahani vya majivu vikapelekwa mezani, vyumbani, sitahani, kila mahali. Ilihesabiwa kuwa ni maendeleo.

Kisha wakaja madaktari. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Januari 1964, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti iliyosema hivyo hivyo. Bado hoja ilikuwa juu ya mvutaji mwenyewe, na mvutaji aliweza kujibu kwamba mwili ni wake. Jibu hilo lilianza kudhoofika mwaka 1981, pale Takeshi Hirayama alipoonyesha kwamba huko Japani wake wasiovuta walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Mwaka 1986 serikali ya Marekani ilitoa ripoti nzima juu ya moshi wa mtu mwingine, na moja ya mambo yaliyosemwa humo ni hili: kutenganisha wavutaji na wasiovuta ndani ya hewa ile ile huweza kupunguza moshi unaowafikia wasiovuta, lakini hakuuondoi. Yule bibi wa mwaka 1993, aliyedai kuonyeshwa ukuta, alikuwa amewafahamu wataalamu vizuri kuliko ofisa wetu.

Ndege zilibadilika kabla ya meli. Marekani ilikataza sigara katika safari fupi za ndani mwaka 1988, na katika karibu safari zote za ndani mwaka 1990. Kisha, mwaka 1991, wahudumu wa ndege wasiovuta, wakiongozwa na Norma Broin aliyeugua saratani ya mapafu, waliyashtaki makampuni ya sigara huko Florida. Mwaka 1997 makampuni yalikubali kutoa dola milioni 300 kwa ajili ya utafiti. Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini nikatulia. Watu wa kazi yangu, wabebaji wa sinia, walikuwa wamepata mahakama ya kuwasikiliza! Sisi wa meli hatukuwa na umoja wa namna ile. Tulitoka mataifa mengi, mikataba yetu ilikuwa ya miezi tu, na meli zetu zilipeperusha bendera za Panama, Liberia au Bahama. Aliyelalamika hakufukuzwa, hakuitwa tena tu.

Hata hivyo meli nazo zilijaribu. Mwaka 1998 kampuni ya Carnival ilizindua Paradise, meli isiyoruhusu sigara hata sitahani. Abiria alitia saini ahadi, na aliyekamatwa alitozwa dola 250 na kushushwa bandari iliyofuata. Mwaka 2004 mpango huo ukaachwa. Sababu iliyoelezwa ni ya kibiashara: wasiovuta walikunywa kidogo na kucheza kamari kidogo, na familia yenye mvutaji mmoja ilikwenda kutafuta meli nyingine. Sijaona mahali walipoulizwa wahudumu walionaje kufanya kazi miaka ile sita katika hewa safi.

Halafu moto wa kale ukarudi. Tarehe 23 Machi 2006, yapata saa tisa za usiku, meli ya Star Princess ikielekea Jamaika, moto ulizuka katika roshani ya chumba kimoja cha abiria. Vizuizi vya roshani vilikuwa vya plastiki, na moto ulipanda na kusambaa kwa dakika chache. Vyumba kwa mamia viliharibika, na abiria mmoja alikufa kwa moshi. Wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba yaelekea sana chanzo kilikuwa kipande cha sigara kilichotupwa. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na kuanzia mwaka 2008 vifaa vya roshani vikatakiwa visiwe vyepesi kushika moto. Milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine: Princess ilikataza sigara vyumbani na kwenye roshani mwaka 2012, Royal Caribbean ikaikataza kwenye roshani mwaka 2014, na Carnival, iliyokwisha kuikataza vyumbani, ikafuata mwaka huo huo.

Lakini katika meli nyingi, hata leo, kuna mahali palipobaki wazi kwa wavutaji, na aghalabu ni sehemu ya kasino. Abiria hukaa pale saa moja au mbili. Anayegawa karata na anayeleta vinywaji hukaa zamu nzima. Kura ya mwaka 1993 bado haijatenguliwa.

Nimesema mengi juu ya makampuni. Imenipasa niseme na yangu. Maalim alianza kukohoa mwaka 1994. Usiku alikuwa akigeukia ukutani ili asiniamshe. Mimi nilikuwa nikivuta sigara mbili kabla ya kulala, na moja nilipoamka, katika chumba ambacho watu wawili hawawezi kusimama pamoja na kuvaa mashati. Hakuniambia niache. Mara moja tu alisema, kwa upole wake, "Kaka, kule juu wao wanalipa. Hapa chini je, nani anakulipia?" Nikamjibu kwamba baharia bila sigara ni mashua bila tanga. Mwaka 1995 alishindwa uchunguzi wa afya, akarudishwa nyumbani. Daktari hakusema ni moshi, na mimi sina elimu ya kusema. Najua tu kwamba mchana alivuta moshi wa wageni na usiku alivuta wa ndugu yake.

Nilikwenda Tanga kumtembelea mwaka 1997. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa ule ule. Wajukuu walicheza barazani. Nilihisi pakiti mfukoni mwa shati, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu nayo kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Nikaomba radhi kana kwamba nakwenda kunawa, nikaitupa jalalani nyuma ya nyumba. Maalim aliniona. Hakusema neno, alimwita mkewe alete chai.

Alifariki miaka sita baadaye. Sijavuta tena, ingawa sijioni mshindi, kwa sababu niliacha nikiwa nimechelewa.

Leo meli za kitalii zinapotia nanga Kilindini, huwaona wahudumu vijana wakishuka kwa saa chache kununua kadi za simu na matunda. Mahali pa hadhara na pa kazi, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inawalinda. Wakirudi ndani wanaingia chini ya sheria ya bendera ya meli. Wahenga walisema kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika meli zile mwenyeji ni yule mhudumu, na usiku ule wa kura sikumwona mtu aliyemwuliza anaonaje. Mikono ilipoinuliwa, sisi yetu ilikuwa imeshika masinia.