Nyigu wa Cheshunt
Mwaka 1926 mkulima wa nyanya nchini Uingereza aliona magamba meusi kwenye majani, katikati ya magamba ya inzi weupe. E. R. Speyer, wa kituo cha utafiti cha Cheshunt, alitambua kazi ya nyigu mdogo sana, Encarsia formosa, anayetaga ndani ya watoto wa inzi hao. Kituo kikawafuga nyigu hao na kuwagawia wakulima, hata ng'ambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sumu ya wadudu ya DDT ikawasukuma nyigu kando. Wapo wasemao sumu ilishinda kwa ubora. Hapana, ilishinda kwa wepesi tu, tena kwa muda: kufikia miaka ya 1970 inzi walikuwa sugu, na wakulima wakamrudia nyigu. Ni kweli huhitaji joto na subira, lakini hilo ni suala la kujua wakati wa kuwaachia. Ujuzi wa namna hiyo ndio walio nao wakulima wa waridi wa Naivasha, Kenya, wanaotumia utitiri mlaji dhidi ya utitiri mwekundu.