Kura ya Wazanzibari ya 2010

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa jambo moja: je, wanakubali serikali ya umoja wa kitaifa baada ya uchaguzi mkuu? Asilimia 66.4 walikubali. Kura ile haikubadilisha hata herufi moja ya Katiba. Ilikuwa ni idhini tu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Baraza la Wawakilishi, lililopitisha Marekebisho ya Kumi mwezi wa Agosti.

Humo mlikuwamo na lisiloulizwa. Marekebisho yalitamka kuwa Zanzibar ni nchi, ilhali Katiba ya Muungano ya 1977 inasema Tanzania ni nchi moja. Mwananchi wa Kasulu, jirani na kambi ya Mtabila iliyokuwa bado na wakimbizi wa Burundi, hakupiga kura ile, wala haikumpasa. Lakini maana ya jamhuri yake iliguswa pasi na yeye kuulizwa. Na Mzanzibari aliyepiga kura, je, aliulizwa hilo?

Kisha kikaongezwa kifungu cha 80A: vifungu vilivyotajwa humo visibadilishwe tena ila kwa kura ya maoni. Baraza lililozoea kurekebisha Katiba kwa theluthi mbili likajifunga lenyewe.