Mwana Kupona na Daftari la Vitabu Adimu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wa wafanyabiashara wafaa kusemwa pia juu ya tungo za wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki. Soko la vitabu adimu lina mizani yake: chapa ya kwanza, sahihi ya mtunzi, majina ya waliokimiliki kitabu, na hali ya karatasi. Kisichokuwa na hayo hakipimwi. Wanawake waliopita katika mizani hiyo ni wachache, wala si kwa sababu hawakuandika.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeshindana na Sayyid Said wa Unguja. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mnamo mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, mjane huyo alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia wenye beti 102. Mwanzoni kabisa mama anamwita binti asogee, ashike wino na karatasi. Tendo la kwanza katika utenzi huo, basi, ni uandishi wenyewe, na vyombo vyake vimo mikononi mwa wanawake wawili. Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860.

Wakati huo utenzi haukupigwa chapa. Ulienea kwa kughaniwa, na kwa kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu. Nakala ilikuwa ya kusomwa na kufundishia. Ilipochakaa, iliandikwa nyingine. Kwa hiyo chapa ya kwanza ambayo mnunuzi wa Ulaya angeitafuta haikuwapo, na utamu wa beti peke yake haukuingia katika hesabu ya mnada. Wageni walipokuja kukusanya miswada, walimtegemea sana fundi wa khati wa Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Kazi za mkono wake zilifika London na Ujerumani, na hadi leo wataalamu huzitambua. Yeye aliistahiki sifa hiyo. Lakini mwanamke aliyeinakili kaswida kwa ajili ya binti zake, ikabaki kashani, hakuwa na mgeni wa kumwandika.

Alice Werner, msomi wa Kiingereza aliyefika Lamu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliuchapisha utenzi wa Mwana Kupona mwaka 1917. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena kuwa kitabu, kwa jina la *The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty*. Bila ya juhudi hizo wengi wasingeujua. Hata hivyo, katika orodha za marejeo kitabu hicho hutajwa mara nyingi chini ya Werner na Hichens. Mtunzi amo ndani ya anwani, kama kwamba ni habari inayosimuliwa, na si mwenye kusimulia. Anwani yenyewe imeupunguza wasia: imeutaja wajibu wa mke, ilhali sehemu kubwa ya mwisho ni dua ya mja kwa Mola wake.

Mfano wa pili watoka Unguja. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ilimfanya awe katibu wa njama ya nduguye Barghash mwaka 1859, naye bado msichana. Baadaye, akiitwa Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mjini Berlin, mwaka 1886. Chapa hiyo ya kwanza ina mwaka, mji na jina, na jina lenyewe ni la binti wa mfalme; ndiyo maana wakusanyaji wa vitabu huijua. Lakini barua zake ndefu za maisha ya ugenini zilikaa bila ya kuchapishwa hadi mwaka 1993, takriban miaka 70 baada ya kifo chake mwaka 1924. Zilisalimika kwa kuwa mwanawe, Rudolph, alizihifadhi pamoja na vitabu vyake, kisha hazina hiyo ikapelekwa Leiden.

Tofauti ya wanawake hawa wawili haimo katika kipaji. Mmoja alipata mtambo wa chapa na mrithi mwenye kuhifadhi; mwengine aliachiwa vinywa na karatasi za watu. Soko halikubuni upungufu huo, ila limeurithi, likautia bei: aliyeandikwa jana ndiye anayetafutwa leo, na anayetafutwa ndiye anayetunzwa.

Dawa yake haianzii mnadani. Inaanzia nyumbani, kwenye madaftari ya tenzi, ya maulidi na ya nyimbo za harusi ambayo mabibi waliyaacha, na ambayo mchwa na unyevunyevu wa pwani havingoji. Kabla daftari halijatolewa nje ya nyumba, kwa kuuzwa au kwa kuazimwa, na liandikwe ndani ya jalada lake jina la aliyetunga, jina la aliyenakili, na mji wake. Mistari mitatu ya kalamu ya risasi yatosha.