Mkulima wa Rufiji na Mgomo wa Reli wa 1960

Imekuwa desturi kuandika kwamba migomo ya wafanyakazi wa reli nchini ilikuwa mambo ya wachache wa mjini, na kwamba mwananchi wa kijijini hakuwa na haja nayo. Kama aliisikia, aliisikia kwa kinyongo, kwa kuwa yeye alilima kwa jembe la mkono na wenzake walikuwa wakidai nyongeza juu ya mshahara. Kauli hiyo imerithiwa bila kudaiwa ushahidi. Njia ya haki ya kuipima ni kuipeleka mahali ambapo ingepaswa kushinda kwa urahisi, yaani bonde na delta ya Rufiji, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Huko reli haikufika. Mtu wa Nyamisati au Salale alisafiri kwa chombo cha majini, na wa Mohoro aliyetaka kwenda Dar es Salaam ilimbidi avushwe kwa kivuko, kwa maana Daraja la Mkapa halikufunguliwa hadi 2003. Ikiwa kuna mkulima aliyekuwa mbali na madai ya dereva wa treni na fundi wa karakana, basi ni huyu.

Umbali huo, hata hivyo, ulikuwa wa ramani tu. Utafiti wa J.A.K. Leslie kuhusu Dar es Salaam, uliofanywa 1956 na 1957 na kuchapishwa 1963, unawaweka Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya watu waliohamia mji ule. William Friedland naye, katika kitabu chake cha 1969 alichokiita Vuta Kamba, anasimulia jinsi vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivyokua. Vitabu hivi viwili husomwa mbalimbali, kimoja na wanaochunguza miji na kingine na wanaochunguza siasa za kazi, na kwa sababu hiyo swali lililo dhahiri halijaulizwa inavyostahili: hao watu waliotoka Rufiji, waliofanya kazi za vibarua na ukuli mjini na kupeleka fedha nyumbani, walikuwa upande gani mishahara ilipogombaniwa? Mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam tarehe 6 Septemba 1947 uligeuka kuwa mgomo wa mji mzima, kisha ukapanda na reli ya kati kuelekea bara. Mgomo wa namna hiyo haukuweza kusimama bila wahamiaji wa pwani na mabonde yake, maana wao ndio waliokuwa nguvukazi ya mji.

Lakini mwaka wa kupimia hasa ni 1960. Tangu 1948 reli na bandari za Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, lenye makao yake makuu Nairobi. Waafrika walijaza ngazi za chini. Vyeo na mishahara ya maana ilikuwa ya Wazungu, na baada yao Waasia. Mapema mwaka huo wafanyakazi wa posta walikuwa tayari wamegoma, na mwezi wa Februari chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli, TRAU, chini ya katibu mkuu wake Christopher Kasanga Tumbo, kikaweka zana chini. Mgomo ulidumu siku 82. Wanahistoria wengi huitaja namba hiyo na kuipita, na hapo ndipo ninapoona kosa lao kubwa. Siku 82 ni mishahara ya karibu miezi mitatu. Hapakuwa na mfuko wa chama ulioweza kulisha maelfu ya familia kwa muda huo, na kwa vyovyote mwajiri alitarajia njaa imrudishe mtu kazini. Haikumrudisha mapema, kwa sababu kabwela wa reli hakuwa mtu wa mjini peke yake. Alikuwa na ndugu wenye shamba, na mgomo wake ulilishwa na shamba hilo.

Kwa nyumba ya Rufiji iliyokuwa na kijana katika mgomo huo, au iliyompokea nduguye aliyekosa kibarua kwa sababu mizigo haikusafiri, gharama haikuwa ndogo. Februari hadi Aprili ni miezi ambayo mpunga uliopandwa mapema bado uko shambani, maji ya mto yanapanda, na mlau, kilimo kinachofuata maji yakishuka, bado haujaanza. Ghala halina kitu. Kumpokea mtu mzima asiye na mshahara katika miezi hiyo ni kuchangia mgomo kwa chakula halisi, mchango mzito kuliko ada yoyote ya uanachama. Anayesema kwamba wakulima waliichukia migomo ya reli anapaswa kueleza kwa nini waliendelea kuwalisha wagomaji.

Kuna watakaopinga kwamba kumlisha ndugu ni wajibu wa ukoo, si msimamo juu ya mshahara. Pingamizi hili lina uzito na sitalipuuza. Hata hivyo linasahau hali ya miaka ile. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipogoma, wananchi walisusia bia na TANU, chama kilichopigania uhuru, kikaunga mkono. Kudai mshahara kutoka kwa mwajiri wa kikoloni kulieleweka na watu wa kawaida kuwa sehemu ya kudai nchi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba uelewa huo uliishia Temeke. Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake wa Dar es Salaam kujiunga na TANU kwa maelfu, alikuwa na asili ya Rufiji na baadaye akawa mbunge wa huko. Siasa ya mjini na ya bondeni ilisafiri kwa watu walewale.

Pingamizi zito zaidi lilikuja baada ya Uhuru, na lilitoka serikalini. Mwaka 1962, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, yeye aliyekuwa ameongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, sheria mpya ya migogoro ya kazi iliufanya mgomo halali kuwa karibu hauwezekani. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa chini ya Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa waziri wa kazi. Tumbo, aliyekuwa ameacha ubalozi London na kuanzisha chama cha upinzani, aliwekwa kizuizini. Sababu iliyotolewa kwa mkondo huu wote ilikuwa mkulima. Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba wa mjini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wa shamba, na ripoti ya Profesa Turner ya mwaka huohuo, iliyoandikwa kwa ajili ya serikali, ikasema kwamba mishahara imepanda kuliko uzalishaji. Serikali ikaweka kikomo cha nyongeza cha asilimia 5 kwa mwaka.

Kwamba pengo la kipato lilikuwepo, sibishi. Ninachokataa ni kwamba mkulima ndiye aliyeomba wafanyakazi wanyamazishwe. Tazama alichopata yeye mwenyewe. Baada ya mafuriko ya 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishwa kutoka mashamba yao ya mtoni na kuwekwa katika vijiji vipya kwenye nyanda za juu, wengi bila ridhaa, mbali na udongo wa mlau. Hawakuwa na chombo huru cha kusema hapana. Serikali ileile iliyomnyima mfanyakazi wa reli haki ya kugoma kwa jina la mkulima, ilimhamisha mkulima bila kumuuliza. Waliokosa sauti walikuwa wawili, tena mara nyingi wa nyumba moja. Na katika kesi ya uhaini ya 1970 Bibi Titi, mbunge wa Rufiji hadi uchaguzi wa 1965, alisimama kizimbani pamoja na Kamaliza huyohuyo wa NUTA. Wote wawili walifungwa.

Miaka ya JUWATA, jumuiya iliyoirithi NUTA, haina mengi ya kutuongezea. Katika miaka ya 2010 wafanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara iliyocheleweshwa, na lawama za ubinafsi zikarudi. Anayezirudia leo anarudia hoja ambayo haikuthibitishwa hata mwaka 1960. Wazee waliokuwa vijana wakati wa siku 82 wanapungua kila mwaka. Familia za Kibiti, Ikwiriri na Mohoro zilizohifadhi kadi za TRAU, stakabadhi za ada au barua za mjini za miezi ile zizipeleke Nyaraka za Taifa, na walimu wa historia wa wilaya za Rufiji na Kibiti wawahoji wazee hao sasa.