Kikomo cha Umri na Usalama wa Upasuaji wa Ateri ya Shingo kwa Wazee, 1954–2004

Mwaka 1954, Eastcott, Pickering na Rob wa Hospitali ya St Mary's, London, walichapisha taarifa ya mwanamke wa miaka 66 aliyepasuliwa ateri ya shingo iliyosinyaa ili asipatwe na kiharusi. Tangu hapo upasuaji huo ulienea kwa zaidi ya miongo mitatu kabla ya kupimwa kwa majaribio makubwa ya kitabibu. Makala haya yanahoji kwamba majaribio hayo, licha ya kuthibitisha manufaa yake, yaliacha pengo la ushahidi kuhusu wazee, na pengo hilo likafasiriwa kuwa ithibati ya hatari.

Matokeo ya NASCET, jaribio la Amerika ya Kaskazini, yalitolewa mwaka 1991. Miongoni mwa wagonjwa waliokwisha kuonyesha dalili na ambao ateri zao zilisinyaa kwa asilimia 70 au zaidi, asilimia 26 ya waliopewa dawa pekee walipata kiharusi cha upande uleule ndani ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 9 ya waliopasuliwa. Hata hivyo, wote walikuwa chini ya miaka 80. Jaribio la ACAS la mwaka 1995, lililohusu wasio na dalili, nalo liliishia miaka 79. Hivyo basi, kikomo kilichowekwa kwa ajili ya utafiti kiliweza kugeuka kigezo cha kumnyima mzee tiba.

Uchambuzi uliofuata ulipindua dhana hiyo. Mwaka 2001, Alamowitch na wenzake walionyesha kuwa katika NASCET waliofaidika zaidi ni wenye miaka 75 na kuendelea. Mwaka 2004, Rothwell na wenzake waliunganisha takwimu za NASCET na za jaribio la Ulaya: ili kuzuia kiharusi kimoja katika miaka mitano, ilihitajika kuwapasua wagonjwa 5 wenye umri huo, lakini 18 walio chini ya miaka 65. Sababu ni kwamba mzee mwenye dalili anayeachwa na dawa pekee hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi.

Hata hivyo, wazee hao walikuwa wameteuliwa kwa uangalifu, na kwa wasio na dalili, jaribio la ACST la mwaka 2004 halikuthibitisha manufaa baada ya miaka 75. Kwa hiyo, swali la usalama haliwezi kujibiwa kwa umri pekee. Sharti zipimwe dalili, afya ya moyo na ustadi wa wapasuaji.