Manjano katika Nchi ya Ankole: Historia ya Kiungo, Jina Lake na Sifa Zake za Uganga

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kufundisha majina ya rangi kwa kumwonyesha mwanafunzi vitu vilivyoyazaa majina hayo. Kijivu kimetokana na majivu, kijani kimetokana na majani, kahawia ni ya kahawa, na zambarau ni tunda la mzambarau. Tufikapo kwenye manjano, mwanafunzi wa pwani hana swali, maana jikoni kwao yapo. Bali mwanafunzi wa Mbarara, aliyezoea kukisikia kiungo hicho kikiitwa binzaali kama wasemavyo Waganda, huuliza manjano ni kitu gani hasa. Swali hilo ni dogo kwa sura, ila jibu lake hutupitisha Bara Hindi, Unguja na njia ya reli, kisha hutufikisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na katika madai ya tiba ambayo siku hizi husemwa kwa sauti kubwa kuliko elimu iliyopo.

Manjano ni mmea wa jamii moja na tangawizi, na asili yake ni Asia ya Kusini. Kinachotumiwa ni shina lake linalotambaa chini ya ardhi, ambalo huchemshwa, hukaushwa, kisha husagwa. Linnaeus aliupa mmea huo jina la kitaalamu la Curcuma longa mwaka 1753, akifuata neno la Kiarabu, kurkum. Watamil huuita manjal, na neno hilo hilo ndilo jina lao la rangi. Msomaji mwenye sikio ataona mara moja udugu wa sauti na wa maana uliopo kati ya neno hilo na letu. Waajemi husema zardchubeh, yaani kijiti cha rangi ya manjano. Bukini huitwa tamotamo, neno la ukoo mmoja na temu la Wamalei, na hilo lathibitisha kwamba kiungo hiki kiliivuka Bahari ya Hindi kwa njia zaidi ya moja. Wapo waandishi wanaotaja hata karne ambayo manjano yalifika Afrika ya Mashariki. Sisi twaona ushahidi wa majina ni imara kuliko tarehe hizo, kwa kuwa neno halisafiri pasipo watu.

Ama bizari, au binzari kama wasemavyo wengine, ni neno la Kiarabu lenye maana ya mbegu, na katika nchi za Ghuba bado ni jina la mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa. Kwa hiyo mtu asemaye "bizari ya manjano" anaita mbegu kitu ambacho si mbegu hata kidogo. Lugha haikujali. Pwani waliitenga bizari nyembamba na bizari ya manjano, mambo yakaeleweka. Bara, neno bizari likabaki peke yake, na kila jiko likaamua lenyewe maana yake.

Kiswahili kilifika karibu na Ankole kabla ya treni. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda mwaka 1844 akipitia Karagwe, na baadaye huko Kafuro, katika Karagwe hiyo hiyo, Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao cha biashara. Karagwe na Isingiro hutenganishwa na mto Kagera tu. Walakini chakula cha Wanyankole hakikuhitaji viungo vya mbali. Eshabwe, mchuzi wao wa heshima, hutengenezwa kwa samli na chumvi, na ugali wa ulezi huliwa kwa maziwa. Manjano yalipata nafasi yalipokuja maduka.

Maduka hayo yaliifuata reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia kutoka Mombasa mpaka Kisumu, wakaajiri Wahindi wapatao 32,000. Karibu 2,500 walikufa kazini, wengi walirudi kwao, na 6,700 hivi wakabaki. Wafanyabiashara, ambao wengi wao hawakuwa wajenzi wa reli bali walitoka Bara Hindi au Unguja kwa nauli zao, walisogea bara duka kwa duka. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Allidina Visram, aliyeanza kazi Bagamoyo na kueneza maduka yake mpaka Uganda kabla hajafariki mwaka 1916. Mbarara, makao ya serikali katika Ankole, nayo ikapata maduka ya Wahindi. Wateja walifuata nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Unga wa manjano ulikuwa kwanza chakula cha mwenye duka mwenyewe. Ulitoka katika jiko lake ukaingia katika mchuzi wa nyama na pilau ya sikukuu, na jina lake likawa la Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichozungumza muuzaji na mnunuzi.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu lawama ya kuwa lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya kuwafukuza Waasia kwa kuwapa siku tisini, na tangazo lililotoka kinywani mwake halikukipendezesha. Wenye maduka walipoondoka Mbarara, maduka yaligawiwa wengine na bidhaa zikaadimika. Vita vya mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia mjini humo, viliacha majengo mengi yakiwa magofu. Lakini neno binzaali halikufukuzwa na mtu. Wale wale walioogopa Kiswahili cha kambi za jeshi waliendelea kukitumia kila siku jikoni bila kujua, na mwalimu anayetaka kumtoa mwanafunzi wake hofu ya lugha hii angeweza kuanzia kwenye chungu.

Nakivale ni habari nyingine. Makazi hayo, yaliyo kando ya ziwa la jina hilo katika wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya Mbarara mpaka mwaka 2005, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakaazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo waliokimbia vita vya mwaka 1996 na 1998, Wasomali, Wahabeshi, na Warundi wengi baada ya mwaka 2015. Leo wakaazi ni zaidi ya laki moja. Hapo kiungo kimoja kina majina mengi: Msomali husema huruud, na hukitia katika xawaash, mchanganyiko wake wa viungo, tena mabinti hukipaka usoni pamoja na unga wa qasil, Mhabeshi husema ird, na hukitumia katika mchuzi wake usio mkali uitwao alicha, Mkongo na Mrundi waliosoma Kifaransa husema kurkuma, Mganda husema binzaali. Sokoni watu hao hawana budi kuelewana, na lugha inayowapatanisha mara nyingi ni Kiswahili, kile cha Kivu, chenye vionjo vyake. Sisi tuliokisoma vitabuni tusione haya kukisikiliza.

Sasa tuje kwenye uganga. Pwani, tangu zamani, manjano yametumika kwa kikohozi pamoja na asali, yametiwa kwenye jeraha, na bibi harusi amesingwa nayo. Katika mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, watu wengi wa Afrika Mashariki waliyachemsha pamoja na tangawizi na ndimu. Na leo kuna wauzaji wanaosema yatatibu kisukari, saratani na vidonda vya tumbo. Mtu mwenye hospitali karibu aweza kuyachekea madai hayo. Mkimbizi ambaye posho yake ya chakula imepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020, na ambaye hufika kwenye zahanati baada ya kupanga foleni ndefu, hawezi kuyachukulia kama mchezo: fedha aliyonunulia kopo la unga wa "dawa" ni fedha iliyotoka kwenye maharage.

Rangi ya manjano hutokana na kitu kiitwacho kurkumini, kilichotengwa mara ya kwanza na Vogel na Pelletier mwaka 1815. Katika gramu mia za unga, kurkumini ni gramu tatu hivi tu. Ndani ya chupa za maabara hupunguza uvimbe na huzuia vijidudu kadhaa. Ila chupa si tumbo. Haiyeyuki katika maji, hufyonzwa kwa shida, na ile chache inayoingia damuni huvunjwa upesi. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba ikimezwa pamoja na piperini ya pilipili manga, kiasi kinachofika damuni huongezeka mara ishirini. Mpishi wa mchuzi, anayekaanga manjano katika mafuta na kutia pilipili manga, alikuwa ameshatangulia. Hata hivyo, wataalamu waliokusanya tafiti nyingi mwaka 2017 walieleza kwamba kurkumini hudanganya vipimo vya maabara, na kwamba majaribio makini kwa wagonjwa hayakutimiza ahadi zilizotolewa.

Je, hakuna kitu? Kipo, nacho kinahusu tumbo. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mimea ya dawa cha mwaka 1999, liliyataja manjano kwa ajili ya tumbo kujaa gesi na chakula kutosagika vizuri. Mwaka 2023 utafiti wa Thailand uliohusu wagonjwa 206 ulionyesha kwamba kurkumini iliwapa nafuu inayolingana na ile ya omeprazoli. Wagonjwa hao walikuwa na maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda. Tofauti hiyo ni kubwa. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria, jambo lililowapatia Marshall na Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na bakteria hao hutolewa kwa dawa za hospitali. Anayekunywa manjano mwaka mzima huku kidonda kinavuja damu anapoteza muda asio nao. Vilevile vidonge vyenye kurkumini nyingi si sawa na kijiko cha mchuzi: huko Italia mwaka 2019 watu kadhaa waliugua ini baada ya kuvitumia, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hana budi kumwuliza daktari kwanza.

Unga wenyewe nao huweza kuwa na hila. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi wafanyabiashara wa Bangladesh walivyokuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Serikali ya huko ilichukua hatua, na kufikia mwaka 2021 udanganyifu huo ulikuwa umetoweka sokoni. 

Elimu hii ina wenyewe pia. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa chuo kikuu cha Mississippi juu ya matumizi ya manjano katika kuponya majeraha, kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, likatoa maandiko ya kale kuwa ushahidi, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Lililookoa ni maandishi. Desturi isiyoandikwa isingesikilizwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989, kina kituo cha kuchunguza dawa za asili, na huko Nakivale wanaishi wazee wa nchi tano au sita ambao kila mmoja anajua mmea kwa jina lake na kwa matumizi ya kwao. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyepewa daftari aweza kuanza na jina moja, bizari, akamwuliza bibi jirani yake huitwaje kwao, huchanganywa na nini, na hupewa nani anapougua nini.